Mkono wa Fundi wa Habu

Alipima joto la gurudumu kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja. Kiganja, alisema, kimeshika vyuma vya moto miaka mingi mpaka kimekuwa mwongo. Mgongo wa mkono bado una aibu. Aliinama kando ya trela, akavuta mkono wa shati nyuma kidogo, akagusa katikati ya gurudumu kama mama anavyomgusa mtoto shingoni kujua kama homa imeshuka. Kisha alibaki hivyo, kimya, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilipomjua vizuri zaidi ndipo nilipoelewa kwamba ule muda wa ziada haukuwa wa gurudumu. Alikuwa anapumzika.

Pale karakana ya trela za boti, Mkuyuni, Mwanza, kulikuwa na fundi wa injini, fundi wa kuchomelea na fundi wa mbao. Yeye alikuwa Fundi wa Habu, na hakuna aliyemwita vinginevyo, hata Bosi. Kwa ambaye hajawahi kuchafuka mikono: habu ni kitovu cha gurudumu, kile chuma cha mviringo kinachozunguka kwenye ncha ya ekseli. Ndani yake kuna beringi, na beringi isiyolainishwa hufa. Habu za trela za boti zina shida moja ambayo habu za magari mengine hazina. Zinaingizwa ziwani. Trela linarudishwa kinyumenyume mpaka magurudumu yanazama, boti inaelea, trela linatoka likitiririka maji. Kazi ya Fundi ilikuwa kuhakikisha kwamba maji yaliyoingia na trela hayabaki humo.

Mimi nilikuwa karani wa stoo. Ufundi sikusomea popote. Nilimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo sipendi kuyataja, nikapata kazi ya kuhesabu boliti, na kwa sababu niliogopa kuulizwa kitu nisichokijua nikaanza kusoma vitabu vya maelekezo vilivyokuja na mashine, kamusi ikiwa pajani. Naomba niseme mapema, kwa kuwa itahitajika baadaye: mimi ni mtu ninayeogopa kukosea kuliko ninavyoogopa mamba. Barua ya mistari mitano niliiandika mara nne. Nikikuta doa la wino kwenye nakala ya nne, naandika ya tano. Nilidhani hiyo ni sifa njema.

Fundi alilitambua jambo hilo wiki ya kwanza. Alinifundisha kupakia grisi kwenye beringi kwa mkono. Unaweka bonge la grisi kwenye kiganja, unashika beringi kwa mkono wa pili, unaikandamiza ukingoni mwa kiganja, tena na tena, mpaka grisi inatokeza upande wa pili kama ugali katikati ya vidole vya mtoto mchoyo. Nilivaa glovu. Akasema, "Vua. Utajuaje kama kuna mchanga?" Nikavua. Nikapakia, nikaangalia, nikaona kama kuna pengo, nikaosha kwa mafuta ya taa, nikaanza upya. Mara ya nne alikuja akasimama nyuma yangu.

"Mayu," akasema. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na wazee wa kwetu humwita hivyo hata binti mdogo, kwa heshima. "Mayu, beringi hiyo imeshiba. Sasa unailisha ya jirani."

Kuhusu grisi alikuwa na uchoyo wa mtu aliyeona njaa. Sisi tulioanza kazi wakati wa soko huria tulikuta maduka ya Mirongo yamejaa makopo ya kila rangi kutoka kila nchi. Yeye alikumbuka miaka ya kuomba kibali ili kupata kopo moja, na kopo lenyewe likija nusu. Alikuwa na kopo lake la zamani la mafuta ya kupikia, lenye mfuniko uliofungwa kwa waya, na alichota humo kwa kidole kimoja tu, cha shahada. Akimwona mtu anachota kwa vidole viwili aliuliza, "Una harusi?"

Dereva wa lori, ambaye alikuwa mtani wake wa kila siku, alipenda kunisimulia kisa cha miaka ile ya shida mbele ya Fundi mwenyewe. Grisi ilikosekana miezi mitatu. Fundi akaenda machinjioni, akarudi na mafuta ya ng'ombe, akayayeyusha, akayachanganya na kitu ambacho hajawahi kukitaja hadi leo, akayajaza kwenye habu za trela. Trela likatembea. Tatizo likawa jua. Kufika katikati ya mji habu zimepata moto, harufu ya nyama choma inatoka kwenye magurudumu, na mbwa wote wa Mirongo wakajiunga na safari.

"Tuliingia sokoni na mbwa sita nyuma," Dereva alisema. "Watu wakasimama wakidhani ni msafara wa mkubwa fulani."

"Walikuwa wanne," Fundi akasema, bila kuinua kichwa.

"Sita, mzee."

"Wanne. Wawili walikuwa wanakufuata wewe."

Alikuwa na desturi moja ambayo karakana nzima iliilalamikia na karakana nzima iliifuata. Tuliiita chai ya habu. Trela likifika mwaloni, pale boti zinaposhushwa na samaki kupakuliwa, hakuna kuliingiza majini mpaka kikombe cha chai kimenywewa. Si kikombe cha haraka. Kikombe cha kukaa chini. Alieleza sababu mara moja tu, siku yangu ya kwanza kwenda naye: habu ikitembea inapata moto, na hewa iliyomo ndani inatanuka. Ukiizamisha ghafla kwenye maji baridi hewa inasinyaa, na habu inavuta pumzi. "Na mtu aliyezamishwa majini akivuta pumzi," alisema, "anavuta nini?"

Madereva walikuwa na haraka. Miaka ile sangara alikuwa dhahabu, viwanda vya minofu vilinunua bila kuchoka, na boti za kukusanya samaki zilipandishwa na kushushwa kila baada ya siku chache. Siku moja Dereva aligonga mlango wa lori kwa kiganja.

"Mzee, samaki wanaoza."

"Samaki wako bado wanaogelea. Kunywa chai."

Bosi mwenyewe alikuja siku nyingine, akaliona trela limesimama hatua kumi kutoka majini na watu wanne wamekaa kwenye mawe na vikombe. Bosi ni wa familia ya Kihindi iliyofanya biashara mjini kwetu tangu enzi za babu yake. Aliongea Kiswahili cha Mwanza na Kisukuma cha kununulia pamba. Akauliza hapa kuna kikao gani. Fundi alimwaga maji ya kusuuzia kikombe, akamimina chai, akampa kwa mikono miwili. Bosi akakaa kwenye jiwe. Tangu siku ile chai ya habu ikawa halali.

Lakini nisimfanye awe mtu wa namna moja, maana hakuwa. Alifanya kazi ya trela za boti na hakujua kuogelea. Maji yakifika magotini alianza kuongea na Mungu wazi. Alisema karatasi haijawahi kushika kitu cha moto, na hakuandika hata tarehe; lakini kila kitabu cha maelekezo kilipoingia stoo alikuja saa ya chakula, akakaa kwenye kreti, akaniambia nisome, na ukurasa wenye mchoro alitaka usomwe mara mbili. Alikuwa mchoyo wa grisi kwa wafanyakazi wenzake, na Jumamosi mchana, tukishafunga, wasukuma mikokoteni wa soko la Mkuyuni walipanga foleni nje ya geti naye akiwapakia magurudumu bure kutoka kwenye kopo lake lililofungwa kwa waya. Alikuwa mvumilivu wa chuma kilichoshika kutu, anaweza kukaa nacho asubuhi nzima akikigonga taratibu. Mtu aliyechelewa dakika tano hakumvumilia. Katika kwaya ya kanisani kwao aliimba besi, na wenzake walimlalamikia kwamba anashikilia noti ya mwisho baada ya wote kunyamaza. Huenda alikuwa anasikiliza kama imepoa.

Desturi ya pili ilikuwa ya chaki, na hii ndiyo inayonihusu.

Kipande chochote chenye kasoro kilizungushiwa duara la chaki. Ufa, mkwaruzo, uzi wa boliti uliolika, chochote. Yeyote angeweza kuchora duara, hata mfagiaji. Lakini kulifuta ilikuwa kazi ya Fundi peke yake, baada ya kukagua, na kipande chenye duara hakifungwi popote. Hakuna aliyeadhibiwa kwa kuchora duara lisilo na sababu. Fundi alikagua, akafuta, akasema, "Afadhali," akaendelea.

Basi siku moja Bosi alinipa sanduku lililotoka kwenye kontena. Ndani kulikuwa na habu mbili za aina ambayo hatukuwahi kuiona. Hazikuwa za grisi. Zilijazwa oili, na usoni kila moja ilikuwa na kidirisha cha kioo, kidogo kama uso wa saa, ambamo ungeweza kuona oili imefika wapi.

"Tunatengeneza trela mpya sita," Bosi akasema. "Soma kitabu chake. Niandikie ukurasa mmoja tu: tuendelee na grisi au tuhamie oili. Wewe ndiye unayesoma hapa."

Nilipaswa kufurahi, na kwa kweli nilifurahi mpaka jioni. Kisha nikaelewa nimepewa nini. Habu za grisi zilihitaji mtu wa kuzifungua, kuzisafisha na kuzipakia upya, na mtu huyo tulikuwa naye. Kitabu kilisema habu za oili hazihitaji kufunguliwa kwa muda mrefu sana. Ni kutazama kioo tu. Kutazama kioo hata mlinzi angeweza. Wakati ule kila mtu Mwanza alikuwa na shemeji au jirani aliyepewa barua ya kupunguzwa kazi. Fundi alikuwa na mvi kichwa kizima. Ukurasa wangu mmoja ungeweza kuwa barua yake.

Niliusoma mwongozo ule kwa siku nne. Ningependa kusema nilipima kwa haki, lakini ukweli ni kwamba kile kioo kiliniteka. Fikiria mtu kama mimi, ambaye hulala akijiuliza kama alifunga kufuli la stoo, anaonyeshwa habu unayoweza kuona ndani yake. Oili ikipungua unaona. Maji yakiingia oili inageuka rangi ya maziwa, unaona. Grisi huioni. Grisi unaiamini. Nikaandika kwamba oili inapoza beringi vizuri zaidi, kwamba inafika kila kona, kwamba inajionyesha. Kwa upande wa grisi nikaandika kwamba haimwagiki hata sili, yaani ule mpira wa mviringo unaoziba nyuma ya habu, ikichakaa, na kwamba inapatikana kwenye duka lolote la mwaloni. Nikahitimisha: oili. Na kwa sababu ukurasa ulikuwa na nafasi ya mstari mmoja chini, na sikupenda nafasi tupu, nikaongeza: "Ekseli tulizonazo zinafaa."

Nilimsomea Fundi kabla ya kumpa Bosi. Nilidhani huo ni uungwana. Kumbe nilitaka anisamehe mapema.

Alisikiliza akiwa juu ya kreti. "Rudia pale pa mwisho," akasema. Nikarudia, ekseli tulizonazo zinafaa. Akatikisa kichwa taratibu, si kukubali wala kukataa.

"Umeandika vizuri," akasema. "Mpelekee. Halafu tukafunge hizo mbili kwenye trela la zamani, tuone."

Sili, alikuwa amenieleza zamani, haifungi juu ya kidonda. Grisi ni nzito, itakaa hata chuma kikiwa na makovu; oili ni kama umbea, itapita penye tundu la sindano. Ekseli zetu zilikuwa zimekatwa kwenye magari makuukuu. Nililijua hilo. Nililiandika mwenyewe kwenye daftari la stoo.

Asubuhi ya kufunga nilipewa kazi ya kusafisha ncha za ekseli kwa tambara. Ya kushoto ilikuwa laini. Ya kulia, pale hasa sili inapokaa, ukucha wangu ulikwama. Nikapitisha tena. Ukakwama tena. Mkwaruzo mwembamba, kama unywele, lakini ulikuwepo. Nikachukua chaki, nikachora duara.

Kisha nikakumbuka nakala yangu, ya tano, isiyo na doa, iliyokuwa tayari juu ya meza ya Bosi.

Fundi alikuwa upande wa pili akitafuta spana. Nilichovya tambara kwenye mafuta ya taa nikafuta duara. Nililifuta vizuri sana. Sikuwa nimewahi kulifuta duara lolote maishani mwangu. Tukafunga habu, tukajaza oili, na vioo viwili vikang'aa rangi ya asali.

Trela lilikwenda kuchukua boti iliyopasuka, mwalo mmoja mbele ya Magu. Fundi hakupangiwa safari ile. Tulipokuwa tunaondoka alikuja na kapu, akapanda nyuma ya lori bila kusema kitu. Ndani ya kapu kulikuwa na kopo lake la grisi, galoni la oili, na habu mbili za zamani zilizofungwa kwenye kanga ya mkewe. Dereva akamuuliza kama anahama nyumba. Akajibu, "Endesha."

Alimsimamisha Dereva mara nyingi mno. Kila mara alishuka, akainama, akagusa. Kwenda hakukuwa na shida. Mwaloni tulikunywa chai yetu, boti ikapakiwa, tukageuza. Njiani kurudi, kwenye kituo cha pili, mkono wake haukukaa juu ya habu ya kulia. Uliruka.

Upande wa ndani wa gurudumu ulikuwa na michirizi myeusi ya oili mpaka kwenye ringi. Kioo kilikuwa kitupu. Nilijua mahali hasa oili ilipopitia. Ningeweza kupaonyesha kwa ukucha, macho yangu yamefumbwa.

Fundi hakuharakisha. Alisubiri habu ipoe, akafungua kizibo, akajaza oili hadi nusu ya kioo. Tukaenda polepole, tukasimama, akajaza tena. Hivyo hivyo hadi nyumbani. Mara ya tatu nilimwona anatabasamu.

"Umeona?" akaniambia. "Hatujapiga jeki. Hatujafungua nati hata moja. Ingekuwa grisi tungekuwa tumekaa chini hapa, beringi mkononi kama watu waliovunja chungu cha mkwe."

Asubuhi iliyofuata tuliifungua habu ile mbele ya Bosi. Nyuma yake, pamoja na sili, tulikuta uzi wa nailoni umejizungusha, mabaki ya wavu. Fukwe zetu zote zimejaa nyuzi hizo, na ni kweli zikijizungusha kwenye ekseli hukata sili kama wembe. Bosi akauvuta kwa vidole viwili.

"Nailoni," akasema.

"Ndiyo, Bosi. Nailoni," nikasema.

Nimelibeba neno hilo miaka. Uzi wenyewe ulikuwa mlegevu. Sili haikukatwa.

Bosi akamgeukia Fundi. "Sasa mzee, karani anasema oili. Oili yenyewe imemwagika siku ya kwanza. Wewe unasemaje?"

Hapa palikuwa mahali pake. Sentensi moja tu, na trela zote sita zingekuwa za grisi na mkate wake ungekuwa salama mpaka achoke mwenyewe. Nilitaka aiseme. Ingenifunika na mimi pia.

"Nunua za oili," Fundi akasema. "Lakini na ekseli mpya, laini. Hizi za zamani ziache na grisi yake, zimezeeka pamoja. Na kila asubuhi mtu atazame vioo kabla lori halijawashwa."

"Hii imetuharibia safari, na unasema ninunue?"

"Hii imelia siku ya kwanza, Bosi. Ya grisi ingenyamaza. Maji yangeingia, grisi ingekuwa uji mweupe, mimi ningeendelea kugusa nje naona baridi, mpaka siku beringi inasagika na gurudumu linatupita barabarani. Nimezika beringi nyingi zilizoninyamazia."

Bosi akafikiri. "Na wewe utafanya kazi gani?"

"Nitakunywa chai."

Bosi alicheka, kisha akaacha kucheka. Zilinunuliwa za oili, na ekseli mpya. Nikaandika ukurasa upya bila ule mstari wa mwisho. Na kazi ya kutazama vioo hakupewa mlinzi; alipewa Fundi, kwa mshahara uleule. Kila alfajiri lori likiwa halijawashwa alipita trela kwa trela, akatazama kioo, kisha, kwa kuwa hakuamini kitu kisichogusika, akaweka mgongo wa mkono juu ya habu iliyolala usiku kucha imesimama. Baridi, bila shaka. Dereva akamuuliza anapima nini. "Namsalimia," akasema. Alifanya hivyo karibu miaka miwili, kisha akaaga mwenyewe, tukampikia pilau, akaenda kwake Pasiansi.

Mwaka jana nilikwenda kumwona. Nilitembea kutoka kituo cha mabasi juani nikiwa nimeshika kilo mbili za sukari na maneno niliyoyaandika kwenye karatasi mara sita.

Nilimkuta kando ya nyumba, chini ya kibanda cha mabati, akigonga gurudumu la mkokoteni. Nyuma yake bustani ya mchicha ya mkewe ilishuka hadi karibu na maji.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Karani. Bado unailisha beringi ya jirani?"

Mkewe akaleta kiti na chai. Tulizungumza vya kutosha juu ya vitu vya kawaida. Alisema wateja ni wengi kuliko alivyotaka. Mji umejaa magurudumu na yote ni ya grisi. Nikamuuliza, kama trela lingekuwa lake, angechagua ipi. Hakutoa methali. Alisema inategemea. Trela linaloingia ziwani kila siku, ekseli mpya, mtu wa kutazama kioo yupo: oili, bila kujiuliza. Trela linalosimama ufukweni miezi kadhaa likisubiri msimu: grisi, kwa sababu oili hushuka chini, nusu ya juu ya beringi hukauka, na kutu huanzia huko. "Na kama hakuna mtu wa kutazama wala wa kugusa," akasema, "usinunue trela. Nunua mbuzi."

Nikaona nikisubiri zaidi sitasema. Karatasi yangu ilikuwa imelowa jasho mfukoni na sikuitoa.

"Fundi, ule uzi wa nailoni haukukata sili. Ekseli ya kulia ilikuwa na mkwaruzo. Niliuona kabla hatujafunga. Nilichora duara, halafu nikalifuta."

Aliweka nyundo chini. "Najua."

"Ulijuaje? Ulikuwa upande wa pili."

"Ulilifuta vizuri mno, mayu. Ekseli nzima ilikuwa na vumbi la karakana, na pale mahali palikuwa pasafi kama sahani ya mgeni. Nikapitisha ukucha." Akapitisha ukucha wa gumba hewani, akausimamisha. "Nikasema, eh. Nikaenda kuchukua kapu."

Mkewe, ambaye alikuwa anachambua mchicha mlangoni, aliinamisha uso, akicheka. Alikuwa analijua lile kapu na ile kanga.

"Kwa nini hukunisema? Hata siku ile mbele ya Bosi?"

"Ningekusema, mara ya pili ungefuta tena na ungekumbuka kurudisha vumbi." Akachukua kikombe chake, akakizungusha. "Na mimi nilifunga juu ya kidonda nikijua. Nilitaka kuona kioo kitasema nini. Kwa hiyo duara lile lilikuwa la watu wawili."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na nilikuwa na jibu la hasira. Nilikuwa nimejiandaa kwa kusamehewa, na nilikuwa na jibu la hilo pia. Kwa lile alilolisema sikuwa na nakala. Nikahisi uso unawaka, masikio yanawaka, na machozi yako karibu kwa namna isiyo na sababu, maana sikuwa na huzuni.

Fundi wa Habu aliinama mbele kidogo kwenye kiti chake. Akavuta mkono wa shati nyuma. Akaweka mgongo wa mkono wake kwenye paji la uso wangu, akabaki hivyo, kimya, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Bado wa moto," akamwambia mkewe. "Mwongezee chai."